Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Molekuli Hutoka Penye Nyingi Kwenda Penye Chache?

Barua nyingi za safari hii zimetoka Dodoma na wilaya zake, na karibu zote zinazunguka jambo moja: usambaaji, lile ambalo wanafunzi wa sekondari hulijua kwa jina la difyusheni. Tumechagua sita. Neno tutakalolitumia mara kwa mara ni mkolezo, na halihitaji kamusi. Chai iliyokolea na chai ya maji-maji zinaweza kujaa kikombe kilekile; tofauti ni kiasi cha rangi na ladha kilichomo katika kila tone. Hicho ndicho kinachopimwa.

Shikamooni. Mwalimu ametufundisha kwamba molekuli husafiri kutoka kwenye mkolezo mkubwa kwenda kwenye mkolezo mdogo. Nilimuuliza zinajuaje kwamba kule ziko chache, akaniambia ndiyo kanuni, niikariri. Naomba kujua: nini kinazisukuma?
*Mwanafunzi wa kidato cha pili, Kongwa*

Marahaba. Umeuliza swali ambalo vitabu vingi hulipita mbio. Molekuli hazijui lolote, na hakuna kinachozisukuma kuelekea kule ziliko chache. Kila moja inakwenda ovyo, upande wowote, bila kuchagua. Mwelekeo unaouona wewe unatokana na hesabu ya wingi wao.

Anza na hewa uliyoivuta sasa hivi. Molekuli ya naitrojeni katika joto la kawaida la chumbani hukimbia kwa wastani wa karibu mita 500 kwa sekunde, mwendo unaozidi wa ndege ya abiria. Lakini haifiki mbali. Ikishasafiri kama sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele, inagongana na nyingine na kugeuzwa njia. Migongano hiyo ni mabilioni kwa kila sekunde. Mtu aliyebanwa katikati ya Soko la Sabasaba siku ya watu wengi anaweza kutembea kutwa akajikuta hatua kumi tu kutoka alipoanzia. Molekuli nayo inaishi hivyo.

Sasa chukua sanduku, ligawe kwa mstari wa kufikirika katikati. Kushoto weka molekuli 1,000 kasoro 100, yaani 900. Kulia weka 100. Tuseme katika kila sekunde, kila molekuli ina nafasi 1 kati ya 10 ya kujikuta imevuka mstari, iwe inatoka kushoto au kulia. Nafasi ni sawa kwa zote, hakuna inayopendelewa.

Sekunde ya kwanza: kutoka kushoto zinavuka 90, kutoka kulia zinavuka 10. Kulia kumeongezeka 80. Sasa tuna 820 na 180. Sekunde ya pili: zinavuka 82 kwenda kulia na 18 kurudi, ongezeko ni 64. Tuna 756 na 244. Sekunde ya tatu ongezeko ni kama 51. Unaona ongezeko linavyopungua kadiri pande mbili zinavyokaribiana? Zikifika 500 kwa 500, zinavuka 50 huku na 50 huku. Hapo macho yetu yanasema usambaaji umekoma, kumbe msongamano wa kuvuka ni uleule. Kilichokwisha ni tofauti tu.

Rudia hesabu hiyo kwa kalamu yako mwenyewe, kwa sababu jibu lote limo humo. Penye nyingi hutoka nyingi kwa kuwa ndimo zilimo. Wala si kweli kwamba zote huenda upande mmoja: katika sekunde ile ya kwanza, molekuli 10 zilitoka penye chache zikaenda penye nyingi. Mwalimu wako alipaswa kusema "tofauti ya safari za kwenda na kurudi huelekea penye mkolezo mdogo." Ni sentensi ndefu kidogo, lakini ndiyo ya kweli.

Ukitaka kuliona kwa macho, tafuta punje 20 za maharage na uziandike namba 1 hadi 20. Ziweke zote kwenye bakuli la kushoto, la kulia liache tupu. Andika namba hizohizo kwenye vikaratasi 20, vikunje, vitie kwenye kofia. Chomoa kikaratasi kimoja bila kutazama, tafuta punje yenye namba hiyo, ihamishie bakuli la pili popote ilipo, kisha rudisha kikaratasi na uchanganye upya. (Wengi husahau kukirudisha, na mchezo unaharibika: punje zote zitaishia kulia.) Ukichomoa mara 20 hadi 30 utakuta karibu 10 kwa 10. Endelea: itacheza 9 kwa 11, 12 kwa 8, mara moja moja 13 kwa 7. Hakuna aliyeiambia punje yoyote ikae wapi. Mchezo wa namna hii ulitungwa na wanafizikia Paul na Tatiana Ehrenfest mwaka 1907 kwa ajili ya swali kama lako.

Utauliza basi: kama ni bahati tu, je, haiwezekani siku moja zote zirudi kushoto? Kwa punje 20, ukichungulia bakuli wakati wowote mchezo ukiwa umekolea, nafasi ya kuzikuta zote kushoto ni 1 kati ya 1,048,576. Kwa punje 100, namba hiyo inakuwa 1 ikifuatwa na tarakimu 30. Na kijiko kimoja cha maji kina molekuli nyingi kupita punje zote za mtama zilizowahi kuvunwa Kongwa. Kwa hiyo tunasema "haitokei" bila wasiwasi.

Kwamba chembe hucheza ovyo namna hii, Robert Brown aliliona kwa hadubini mwaka 1827 katika punje ndogo zitokazo kwenye chavua zikielea majini. Alidhani kwanza ni uhai; akajaribu na unga wa mawe, ukacheza vilevile. Albert Einstein alitoa hesabu yake mwaka 1905, na Jean Perrin akaithibitisha kwa vipimo. Kanuni unayoikariri ni ya daktari Mjerumani, Adolf Fick, wa mwaka 1855: kasi ya usambaaji hulingana na ukali wa mteremko wa mkolezo, yaani jinsi mkolezo unavyopungua haraka toka hapa hadi pale. Tofauti ileile ikitandazwa katika sentimita 2 badala ya 1, kasi inapungua nusu.

Habari za kazi. Nauza chakula. Jioni nilipaka chumvi pande la nyama la kilo 2, asubuhi nje chumvi inawasha, ndani hakuna kitu. Na wateja wasiokoroga chai hulalamika haina sukari, ilhali sukari iko chini imejaa. Kama chumvi na sukari husambaa zenyewe, mbona hazisambai?
*Mama lishe, Majengo, Dodoma*

Nzuri, mama, na pole kwa nyama. Zinasambaa, ila kwa sheria moja kali: umbali ukiongezeka maradufu, muda unaongezeka mara nne. Umbali mara kumi, muda mara mia. Hii ni kwa sababu molekuli haitembei moja kwa moja. Inakwenda na kurudi, na safari ndefu inaliwa na kurudi kuliko kusonga.

Kwa sukari katika maji yaliyotulia ya joto la kawaida, hesabu ni hii: milimita 1 huchukua kama dakika 17. Sentimita 1, kama saa 28. Sentimita 10, ambazo ni kina cha kikombe kirefu, kama miezi minne. Chai ya moto ni afadhali: kwenye nyuzi 80 usambaaji ni zaidi ya mara tatu ya ule wa nyuzi 20. Hapa kuna jambo la kushangaza kidogo. Molekuli zenyewe kwenye nyuzi 80 zimeongeza mwendo kwa asilimia 10 tu. Kilichobadilika sana ni maji, ambayo yamekuwa mepesi na hayazishiki kama mwanzo. Hata hivyo mara tatu ya mwendo wa kobe bado ni mwendo wa kobe, na mteja hasubiri mwezi.

Kijiko hakifanyi kazi ya usambaaji, kinaurahisishia. Unapokoroga, unaivuta sukari iwe matabaka membamba yaliyopishana na maji, membamba kuliko karatasi. Umbali uliobaki kwa molekuli kuvuka ni sehemu ya milimita, na huo unamalizika kwa sekunde.

Nyama ni ngumu zaidi, kwa kuwa nyuzi zake zinaziba njia. Chumvi huchukua siku nzima na zaidi kupenya sentimita 1. Pande la kilo 2 lina sentimita nne au tano hadi katikati. Fanya hesabu ya mraba uone ni wiki kadhaa. Nyama itaoza ndani kabla chumvi haijafika, hasa kwa joto la Novemba. Kwa hiyo kata vipande vya unene wa sentimita 1. Chumvi itaingia kwa pande zote mbili, kila upande ukiwa na nusu sentimita ya kusafiri, na nusu ya umbali ni robo ya muda: usiku mmoja unatosha. Ukiihifadhi kwenye friji, na tunakushauri uihifadhi humo, kumbuka baridi inapunguza kasi karibu nusu. Ipake mapema mchana.

Sheria hiyohiyo inatawala kukausha nyama, ambako maji ndiyo yanayosafiri kutoka ndani kuja nje. Upepo mkavu wa Dodoma wa kuanzia Juni ni mzuri, ila ukianika vipande vinene kwenye jua kali, uso hukauka haraka kuliko maji ya ndani yanavyoweza kuufikia. Unakuwa gamba. Maji yaliyobaki hayapati njia, na baada ya siku tatu unasikia uvundo ukipasua. Anza kivulini penye upepo, vipande vyembamba visivyogusana, jua lije baadaye.

Wahariri, salaam. Nafundisha sayansi shule isiyo na maabara. Jaribio la kudondosha rangi kwenye maji linanitia aibu kila mwaka: rangi inashuka chini kama moshi uliopinduliwa, inazunguka, na wanafunzi wanasema "imesambaa". Nifanyeje?
*Mwalimu, Mpwapwa*

Mwalimu, umeona kasoro ambayo wengi hawaioni. Ile mikia ya rangi inayoshuka ni mkondo wa maji, wala haina uhusiano na usambaaji. Wino ni mzito kidogo kuliko maji, unazama. Maji ya ndoo iliyokaa juani na bilauri iliyokaa kivulini yana joto tofauti, yanazunguka. Dawati likitikiswa, nalo linachangia. Mikondo hii ina kasi mara mia au elfu ya usambaaji, kwa hiyo inaufunika kabisa.

Dawa ni kuyafunga maji yasitembee. Tumia agari, ule unga utokanao na mwani, unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara na baadhi ya maduka ya viungo vya keki. Gramu 1.5 kwa mililita 100 za maji. Koroga kwenye maji baridi kwanza, chemsha dakika mbili mpaka uone maji yamekuwa angavu bila punje, mimina kwenye chupa nyembamba za kioo au neli za majaribio hadi nusu, ziache zigande wima. Jelatini ya dukani inafaa wakati wa baridi ya Juni na Julai, lakini huyeyuka kwenye nyuzi thelathini na kitu, na darasa la bati mwezi wa Oktoba litaiharibu mchana. Agari ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie kuchemka.

Juu ya agari mimina sentimita 1 ya maji yenye rangi ya chakula, ya bluu kwa kuwa inaonekana vizuri. Usitumie pamanganeti ya potasiamu hapa: inashambulia agari na kugeuka kahawia, nawe utakuwa unapima kitu kingine. Bandika kipande cha karatasi chenye milimita kando ya chupa.

Mimina rangi saa 1 asubuhi. Pima ilipofika saa 2, kisha saa 5, kisha saa 10 jioni. Hizo ni baada ya saa 1, saa 4 na saa 9. Kama ni usambaaji wa kweli, umbali utakuwa kwa uwiano wa 1, 2, 3. Kama saa ya kwanza rangi ilishuka milimita 4, tegemea 8 na 12. Hiki ndicho kipimo cha kuwaambia wanafunzi, kwa kuwa mkondo wa maji hauwezi kutoa namba hizo. Mpaka wa rangi utakuwa umefifia, hauna ukingo mkali. Chagua kiwango kimoja cha wepesi wa rangi na mwanafunzi mmoja apime mara zote tatu, kwani macho ya watu wawili hayalingani.

Yanayoharibika mara nyingi: rangi ikipita haraka pembeni mwa kioo, agari yako haikushika ukuta kwa sababu chupa ilikuwa na mafuta, ioshe kwa sabuni. Rangi isiposogea kabisa, huenda umemimina rangi yenye molekuli kubwa mno au umeweka agari nzito. Na ukitaka darasa la pili, weka chupa moja kwenye beseni la maji ya nyuzi 40 na nyingine kwenye nyuzi 20. Usambaaji kwenye ya moto utakuwa takriban mara 1.6, lakini umbali utaongezeka kwa kipeuo cha pili chake, kama robo tu zaidi. Waonye mapema, la sivyo watasema jaribio limeshindwa.

Ndugu wataalamu, nalima zabibu. Mwezi wa pili mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, zabibu zilizokaribia kuvunwa zikapasuka. Jirani anasema ni mvua ya mawe, sikuona jiwe hata moja. Tena miche miwili niliyoiwekea konzi ya urea imenyauka ingawa ardhi ilikuwa mbichi. Ni ugonjwa?
*Mkulima, Hombolo*

Pole, ndugu. Yote mawili ni maji kusafiri kupitia utando ambao hauipitishi sukari wala chumvi kwa urahisi. Shuleni huitwa osmosisi. Ni binamu wa usambaaji: maji huvuka pande zote mbili, lakini yanayotoka upande wenye sukari nyingi ni machache kuliko yanayotoka upande wa maji matupu, kwa hiyo tofauti huingia kwenye sukari.

Zabibu iliyoiva ina karibu gramu 200 za sukari kwa lita moja ya juisi. Juisi hiyo ikitenganishwa na maji safi kwa utando kamili, mvuto wake unaweza kufikia mgandamizo wa zaidi ya mara 25 ya ule wa hewa. Tairi la gari dogo hujazwa kama mara 2 na kidogo. Ngozi ya zabibu haisubiri kufika huko. Ikikaa imelowa siku mbili, maji huingia kwa ngozi na kwa mizizi pia, tunda linavimba, linapasuka, mara nyingi karibu na kikonyo. Hali huwa mbaya zaidi udongo ukiwa ulikauka sana kabla ya mvua, maana ngozi ilikuwa imekakamaa.

Vichala vikaushwe na upepo haraka iwezekanavyo: punguza majani yanayovizunguka, na mvua ikikatika tikisa nyaya taratibu maji yadondoke. Mwagilia kwa kiasi kilekile wiki za mwisho, usiuache udongo ukauke kisha ukaufurikisha. Sukari ikiwa imetosha na mawingu yametanda, vuna. Vilivyopasuka viondoe siku hiyohiyo kabla ukungu haujahamia kwa vizima.

Urea ni habari hiyohiyo iliyogeuzwa. Konzi moja kwenye shina la mche mchanga hufanya maji ya udongo yakolee kupita utomvu wa mzizi. Maji yanatoka kwenye mzizi kwenda udongoni, na mche unakufa kiu ukiwa umesimama kwenye unyevu. Amonia inayotokana na urea nayo huunguza mizizi. Kama shina bado lina ubichi ukilikwaruza kwa kucha, mwagia maji mengi, ndoo mbili tatu kwa mche, uyasubiri yazame, kisha rudia kesho yake ili kuisukuma mbolea chini. Siku nyingine gawa dozi ndogo, izungushe mbali na shina kiasi cha hatua fupi ya mguu, ifukie, mwagilia papo hapo.

Jikoni kwetu gesi ya mtungi ilivuja usiku. Jirani alisema tuiache, itasambaa na kuisha yenyewe. Je, ni sahihi?
*Baba wa familia, Ipagala*

Si sahihi, na ni hatari. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, mzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu hadi mara mbili. Hujilaza sakafuni kama maji. Kusambaa kwake kwenye hewa iliyotulia kupanda mita 1 tu huchukua zaidi ya saa 12. (Dodoma, kwa kuwa iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na usambaaji ni wa haraka kidogo kuliko Dar es Salaam, hilo halikuokoi.) Lililo baya zaidi ni kwamba gesi hii huwaka ikiwa kama asilimia 2 hadi 10 ya hewa. Ile iliyokolea sana pale sakafuni haishiki moto kwa urahisi. Inapoendelea kusambaa ndipo inapoingia kwenye kiwango cha kuwaka.

Funga valvu ya mtungi. Usiwashe wala kuzima taa, usichomeke wala kuchomoa kitu, usipige simu ukiwa ndani. Fungua milango miwili inayotazamana. Dirisha la juu peke yake halitoshi kwa kuwa gesi iko chini. Toeni watoto nje kwanza. Harufu ikiisha, paka povu la sabuni kwenye maungio yote, valvu ikiwa wazi, na uangalie mapovu. Kiberiti kamwe.

Kuhusu mlichouliza mwishoni mwa barua, jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi: hewa yake ya sumu, monoksidi ya kaboni, ina uzito karibu sawa na hewa na inapanda na joto la jiko, kwa hiyo inajaa chumba kizima, kitandani na sakafuni sawasawa. Haina harufu. Ikifika mapafuni inasambaa kuingia kwenye damu, na himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa kuwa inashikwa, iliyo huru katika damu hubaki kidogo, mteremko wa mkolezo haupungui, na inaendelea kuingia usingizini. Jiko la mkaa lisilale ndani, hata mlango ukiwa umeachwa nafasi.

Nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Je, kanuni hii ya "nyingi kwenda chache" ni ya kweli siku zote?
*Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza*

Hapana, na ni vizuri umeuliza kabla ya mtihani. Kinachosawazishwa hasa ni uwezo wa kikemikali, yaani jinsi molekuli inavyoelekea kuondoka ilipo. Mahali pakiwa pa aina moja, maji kwa maji, hewa kwa hewa, uwezo huo hufuata mkolezo na kanuni ya sekondari inatosha. Pakibadilika, haitoshi. Weka samli isiyofunikwa karibu na vitunguu vilivyokatwa. Molekuli za harufu zitatoka hewani, zilimo chache, na kuingia kwenye samli mpaka ziwe nyingi mara nyingi kuliko hewani, kwa kuwa zinapenda mafuta. Mafuta na maji ndani ya chupa hayasambaziani hata ukingoja mwaka, kwa sababu kama hiyo.

Chembe hai nazo hulipa gharama kupanda mteremko. Pampu iliyo kwenye utando wa seli hutoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 kwa kila molekuli moja ya ATP, ambayo ni kama mafuta ya seli, inayotumika. Sodiamu hukolea nje, na tamaa yake ya kurudi ndani hutumika kama maji yanayozungusha kinu cha kusaga: katika utumbo mwembamba inaingia pamoja na glukosi, na maji hufuata. Juu ya hilo ndipo ilipojengwa ORS, ile dawa ya pakiti inayochanganywa na maji kwa anayeharisha, ambayo kila lita ina milimoli 75 za sodiamu na 75 za glukosi, na jumla ya chembe zote zilizoyeyuka ni miliosmoli 245, chini ya damu ambayo ni karibu 290. Tofauti hiyo ndogo nayo huyasaidia maji kuingia mwilini. Pakiti ya lita 1 ikitiwa kwenye chupa ya nusu lita, inafika 490. Sasa ni utumbo unaoyavuta maji kutoka kwenye damu ya mtoto anayeharisha, na hali yake inazidi. Soma pakiti imeandikwa ni ya maji kiasi gani, pima kwa chupa unayoijua ujazo wake, usiongeze sukari, na ikipita saa 24 imwage utengeneze nyingine.